Desibeli Tano

Mimi ni nusu kiziwi. Nalitaja jambo hili mwanzoni kabisa ili msomaji afahamu kwamba anayemwandikia habari za kelele ni mtu ambaye kelele imekwisha kumla. Sikio langu la kushoto limebaki kuwa pambo la kichwa. La kulia husikia kama mtu asikiavyo mazungumzo ya chumba cha pili: anajua kuna watu wanasema, lakini hajui wanasema nini.

Masikio yangu niliyaacha katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga, nilikokuwa fundi mitambo kwa miaka 19. Kule kwetu mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili kupata nyuzi huitwa korona, na iliitwa hivyo miaka mingi kabla dunia haijaijua korona ya maradhi. Korona yetu iliendeshwa na injini kubwa ya dizeli. Siku moja sailensa ya injini hiyo ilitoboka kwa kutu. Mkubwa wa kazi akasema itanunuliwa mpya mwezi ujao, na kwa sasa tuikate, bomba libaki wazi, maana mkonge uliokwisha kukatwa haungoji. Tukaikata. Ule mwezi ujao haukufika. Kila siku niliporudi nyumbani masikio yalikuwa yakilia kama nyenje wa masika, na mke wangu alinizoea kuwa mtu wa kupayuka. Nilipokuja kutambua kwamba nyenje wale hawaondoki hata siku ya Jumapili, jambo lilikuwa limekwisha.

Sikuwahi kumlaumu mtu kwa hilo. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo: seremala hupoteza kidole, fundi mitambo hupoteza sikio. Mawazo haya nilikuja kuyabadilisha nikiwa mzee, tena mbali na kwetu, katika karakana ndogo nyuma ya nyumba ya mpwa wangu huko Coventry, Uingereza, mwaka 2011.

Coventry ni mji wa magari. Mwaka 1896 kampuni ya Daimler ilianza kuunda magari humo, ndani ya kiwanda cha pamba kilichokuwa kimeachwa, na hapo ndipo viwanda vya magari vya Uingereza vilipoanzia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, aliingia mji huo akiwa kijana, akapata kazi ya zamu za usiku katika bohari, akaoa, akajaliwa mtoto wa kiume. Nilipokwenda kuwatembelea mtoto huyo alikuwa na miaka 14. Na katika karakana ile walikuwa na gari walilolitengeneza wenyewe, baba na mwana, kwa muda wa miaka minne.

Msomaji asidhani nasema kulifufua gari bovu, kazi ambayo kila gereji ya kwetu inaijua. Hawa walinunua mabomba ya chuma ya pembe nne, wakayakata, wakayachomelea wakapata chesisi. Kisha wakanunua Ford Escort kuukuu, wakatoa injini, giaboksi na ekseli, wakavifunga katika chesisi yao. Mwongozo wao ulikuwa kitabu cha Ron Champion, mwalimu wa shule, kilichotoka mwaka 1996, kinachoeleza jinsi mtu awezavyo kujiundia gari la michezo kwa paundi 250 tu. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuzipita hizo 250 mara nyingi, na alipotaja jina la kitabu hicho mbele ya mkewe alitaja kwa sauti ya chini. Lakini gari lilikuwa zuri: viti viwili, halina paa, pua ndefu, magurudumu ya mbele yako nje kama macho ya kaa.

Waingereza wana historia yao katika jambo hili. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alianza kuuza gari la namna hiyo, Lotus Seven, na wengi walilinunua likiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Sababu ilikuwa kodi. Gari zima lilitozwa kodi kubwa ya manunuzi, lakini vipuri havikutozwa, mradi muuzaji asimpe mnunuzi maelekezo ya kuviunganisha. Inasimuliwa kwamba Lotus walitoa badala yake maelekezo ya kulibomoa gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mwaka 1973 kodi hiyo iliondolewa, ikaja kodi ya ongezeko la thamani inayotoza vyote, na ujanja ule ukafa. Lakini mapenzi ya kujiundia gari hayakufa.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 1998 iliweka ukaguzi maalumu wa magari ya namna hiyo, na mwaka 2009 ikaweka mwingine mkali zaidi. Gari lililotengenezwa nyumbani halipewi namba za barabarani mpaka mkaguzi wa serikali alichungulie kila upande: breki, taa, mikanda, usukani, moshi, hata kingo za bati zisije zikamkata mtu anayepita. Na mwisho kuna kelele. Mkaguzi huweka kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, upande wa pembe ya nyuzi 45, injini ikazungushwa kwa kasi iliyopangiwa injini ya aina hiyo. Namba isizidi desibeli 99.

Gari la mpwa wangu lilifaulu karibu kila kitu. Kwenye kelele lilipata 104.

Alirudi usiku huo amekasirika sana. "Mjomba," aliniambia, akisimama upande wa sikio langu zima kama alivyozoea, "miaka minne! Breki wamezisifu. Kuchomelea wamekusifu. Wameniangusha kwa mlio! Desibeli tano tu!"

Neno "tano tu" ni neno la mtu asiyejua hesabu za kelele, na wala si kosa lake, maana hesabu hizo si za kawaida. Desibeli hazijumlishwi kama machungwa. Ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Ukiongeza 10, imekuwa mara kumi. Hizo tano za mpwa wangu maana yake ni kwamba ekzosi yake ilikuwa ikitoa nguvu ya sauti zaidi ya mara tatu ya ile inayoruhusiwa. Kwa hiyo haikutosha kuipunguza kidogo. Ilibidi theluthi mbili na ushei za kelele ile ziondoke.

Mpwa wangu alikuwa na dawa yake tayari. Kesho yake alinionyesha kizibo alichokichonga kwa mashine: kipande cha chuma chenye tundu dogo katikati, kinachoingia katika mdomo wa ekzosi na kushikwa kwa bolti moja. Alikuwa amekipima kwa kipimo cha kuazima, na kelele ilishuka hadi 98. "Nakitia asubuhi ya ukaguzi," alisema, "napewa karatasi yangu, nikifika nyumbani nakitoa. Kila mtu hufanya hivyo."

Mtoto wake alikuwa ameketi juu ya tairi, anatazama chini. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na lafudhi ya Coventry: "Babu, nani aliyeamua kwamba iwe 99?"

Sikuwa na jibu siku ile. Lakini mtoto akiuliza swali zuri mzee hulala nalo. Baadaye nilitafuta, nikasoma, nikauliza, na ninayoyasimulia hapa ndiyo niliyompa, sehemu kwa mdomo na sehemu kwa barua.

Injini ya petroli ilizaliwa inapiga kelele. Kila mchanganyiko unapowaka ndani ya silinda, vali ya kutolea moshi hufunguka wakati gesi bado ina shinikizo kubwa, na gesi hiyo hutoka kwa kishindo kama ya bunduki. Injini ya silinda nne hutoa vishindo viwili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hivyo ni vishindo 100 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuvitenganisha, linasikia mngurumo mmoja. Mwaka 1897, huko Columbus katika jimbo la Indiana, Marekani, ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves, walipewa hataza ya sailensa ya injini. Maarifa yenyewe ni mepesi: usiiache gesi itoke kwa mkupuo, ipe nafasi ya kutanuka na kupoa kwanza, ipite vyumba na matundu, itoke imechoka.

Basi tangu mwanzo dawa ilijulikana. Lililokosekana ni nia ya kuinywa. Madereva wengi wa zamani waliamini kwamba sailensa inaiba nguvu, wakafunga vali ya kando ambayo dereva aliifungua kwa mguu au kamba, moshi ukatoka bila kupita katika sailensa. Miji mingi ililalamika, na Uingereza ikaipiga vali hiyo marufuku barabarani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Brooklands, karibu na Weybridge, si mbali na London. Mwaka 1907 tajiri mmoja, Hugh Locke King, alijenga katika ardhi yake uwanja wa kwanza duniani uliojengwa maalumu kwa mashindano ya magari. Mwezi Juni wa mwaka huohuo S. F. Edge alikwenda kuuzindua kwa namna yake: aliendesha gari la Napier kwa saa 24 mfululizo, magari mengine mawili ya Napier yakiwa pamoja naye, taa zimepangwa kuizunguka njia. Alikwenda zaidi ya maili 1,580. Magazeti yalishangilia. Lakini watu wanaokaa pembeni hawakushangilia, kwa sababu walikuwa hawakulala. Walilalamika, wakaenda mahakamani, na mbio za usiku zikakoma Brooklands. Hata waandaaji walipotaka tena mashindano ya saa 24 mwaka 1929, ilibidi wayagawe: saa 12 mchana wa leo, magari yafungiwe usiku, na saa 12 mchana wa kesho.

Katikati ya miaka ya 1920 majirani walirudi kwa wakili tena, na safari hii kila gari lililokimbia hapo lililazimishwa kufunga sailensa ya vipimo vilivyowekwa. Lilikuwa kopo kubwa lenye mkia uliobapa kama wa samaki. Madereva walinung'unika kwamba mwendo utakufa. Mwaka 1935, miaka kumi hivi baada ya amri ile, John Cobb aliuzunguka uwanja huohuo kwa mwendo wa zaidi ya maili 143 kwa saa, na hakuna aliyemshinda hapo mpaka vita vilipoufunga uwanja mwaka 1939. Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hiki hakusema neno, akaendelea kufuta spana zake.

Ipo habari nyingine inayonigusa zaidi, nayo ni ya baba na mwana. Baba ni Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, akabuni bunduki ya rashasha inayoitwa kwa jina lake. Bunduki za namna hiyo tunazijua sisi. Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji walipoiendea ngome ya Wajerumani ya Mahenge, bunduki za rashasha ziliwaua kwa mamia. Maxim mwenyewe aliishia kuwa kiziwi, kwa sababu ya miaka mingi ya kuijaribu bunduki yake. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alibaki Marekani baba alipokwenda zake Ulaya mwaka 1881. Akakua, akawa mhandisi, na mwaka 1895 akajiundia baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini ya petroli, kwa mikono yake, kama mpwa wangu. Mwana huyu ndiye aliyepata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, na kampuni yake ikaja kutengeneza sailensa za injini. Baba alijaza dunia mshindo, mwana akautafutia kifuniko. Sisemi kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya baba yake. Nasema tu kwamba mimi, kiziwi wa korona, kila nikikumbuka habari hii hukaa kimya kidogo.

Tukija kwenye swali la mtoto: Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza kelele, iliyoongozwa na Sir Alan Wilson, ikatoa ripoti mwaka 1963, na katika ripoti hiyo kelele za magari zilichukua nafasi kubwa. Mwaka 1970 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilikubaliana kwamba gari dogo jipya lisizidi desibeli 82 likipimwa kwa mbali, mita saba na nusu, linapopita. Baadaye zikashusha, zikashusha tena, na katika miaka ya 1990 zilifika 74. Ile 99 ya mpwa wangu inaonekana kubwa kwa sababu hupimwa karibu sana, nusu mita. Kila umbali unapokuwa maradufu mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Nusu mita, mita moja, mbili, nne, nane: mara nne. Sita mara nne ni 24. Toa 24 katika 99, unapata 75. Toa 24 katika 104, unapata 80.

Nilimwandikia mtoto hesabu hiyo kwa chaki sakafuni. Akaitazama, akanyosha kidole kuelekea uani. "Babu, dirisha la jirani lipo mita nane."

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo wenye masikio walilijua siku zote. Jirani yao alikuwa bibi mmoja Mwingereza, mjane, ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani katika mji uleule, na mwaka ule alikuwa mgonjwa, kitanda chake kimewekwa chumba cha chini. "Kila tukiwasha injini," mtoto alisema, "anafunga dirisha. Hasemi kitu. Anafunga tu." Mimi nilikuwa nimeketi kwenye karakana ile wiki mbili nikifurahia gari, na sikuwahi kulisikia dirisha likifungwa. Mpwa wangu alilisikia. Niliona usoni kwake kwamba alilisikia.

Usiku ule nilimweleza habari ya bomba la korona. Alikuwa hajui. Katika ukoo wetu ilisemwa tu kwamba mjomba masikio yake ni mabaya, kama ambavyo husemwa fulani ana goti bovu. Nilimweleza kwamba aliyesema "kwa sasa tulikate" hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Kizibo sikumkataza. Mtu mzima hakatazwi katika nyumba yake. Nilimwambia tu kwamba kizibo kinaifunga injini pumzi na kuichemsha, na kwamba siku atakapokitoa, dirisha la mita nane litakuwa palepale.

Asubuhi alinijia na spana. "Haya, Mjomba. Tuanzie wapi?"

Tulianzia kwenye uvujaji, maana hakuna sailensa inayoweza kuzuia sauti iliyotoroka kabla ya kuifikia. Kwa kuwa siwezi kusikia mvujo, hutumia mkono na sabuni. Injini ikiwa ya baridi niliwaambia waiwashe, mtoto aubane mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa nukta chache tu, nami nikapaka povu kwenye maungio. Pale bomba linapokutana na manifoldi povu likaruka. Gaskiti ilikuwa imeungua upande mmoja. Uvujaji wa namna hiyo hutoa sauti kali na ya juu, na kipimo cha ukaguzi, kilichopangwa kufuata sikio la binadamu, huihesabu sauti ya juu kwa uzito kuliko mngurumo wa chini. Tukasawazisha uso wa chuma kwa tupa, tukaweka gaskiti mpya.

Kisha tukaifungua sailensa. Ya kwao ilikuwa ya aina nyepesi: bomba lenye matundu kama kichujio, limepita katikati ya kopo, na nafasi iliyobaki hujazwa sufi ya vioo. Sauti huingia matunduni, ikapotelea ndani ya sufi, ikageuka joto kidogo. Tulipotoboa ribiti na kuvuta kifuniko tukakuta nusu ya sufi haipo. Moshi wa moto ulikuwa umeipeperusha nje kipande kwa kipande. Mpwa wangu alikuwa amenunua sailensa nusu tupu, imepakwa rangi nzuri. Tukavaa glavu na vitambaa vya pua, maana sufi ile huwasha na haifai kuvutwa. Tukalizungushia bomba stilwaya kwanza, si ile ya kusugulia masufuria bali ya chuma kisichoshika kutu, ili iwe ukuta wa moto. Juu yake tukajaza sufi mpya inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, ikakaa imara bila kushindiliwa kama godoro la jela.

Ukabaki mngurumo wa chini. Sufi huzima sauti za juu vizuri, lakini mawimbi ya sauti nzito ni marefu, na sufi ya unene wa vidole viwili hayaijali. Haya yanataka vyumba. Tukatengeneza kijisanduku kidogo chenye kuta mbili ndani, gesi igonge, irudi, igonge tena, wimbi likutane na mwenzake na kupunguzana nguvu. Pahali pa kukiweka hapakuwapo, kwani katika magari haya ekzosi hutokea ubavuni, karibu na kiwiko cha abiria. Ikabidi kulirefusha bomba mpaka karibu na gurudumu la nyuma na kuchomelea vishikio vipya. Hapo mpwa wangu alisitasita, kwa sababu ubavu wa gari ndio aliokuwa akiupenda kuutazama. Mtoto ndiye aliyechora mstari wa bomba jipya kwa chaki, na baba akaukata.

Kupima nako kulikuwa na somo lake. Ndani ya ua ule mwembamba kuta zilirudisha sauti na namba zikaja kubwa kuliko haki. Na gari lisilo na namba haliruhusiwi barabarani, ila siku ya kwenda ukaguzi uliokwisha kupangwa. Tulilipakia kwenye trela, tukalipeleka kwenye uwanja mtupu wa rafiki wa mpwa wangu siku ya mapumziko. Mtoto alishika kipimo, akapima nusu mita kwa kamba, akaisoma namba kwa kuninyoshea vidole, kwa kuwa injini ilikuwa ikizunguka na mimi siwezi kusikia juu yake. Vidole tisa, kisha saba. Sikuamini. Nikamwambia arudie. Tisa, saba.

Mpwa wangu alizima injini, akakaa kimya. Baadaye akasema, "Imekuwa cherehani." Lakini alikuwa akicheka.

Wiki iliyofuata mkaguzi naye aliandika 97. Siku gari lilipopata namba zake nilikuwa abiria wa kwanza. Wenzangu husema gari la namna ile lina mlio mtamu. Mimi niliupata kwa makalio na kwa kiganja nilichokiweka juu ya bati: mapigo mengi madogo, yanayofuatana kwa adabu, kama moyo wa mtu mwenye afya.

Sikusudii kumfanya mpwa wangu kuwa mtakatifu. Aliniambia kwa simu, zaidi ya mara moja, kwamba kuna siku anatamani bomba lake la zamani. Wala sisemi kwamba bibi yule alikuja kutoa shukrani. Hakuja, na labda hakujua kwamba kulikuwa na jambo la kushukuriwa. Ndivyo ilivyo heshima ya jirani ikitimia: haisikiki. Sheria ya desibeli 99 inaonekana kama ubishi wa makarani kwa mtu aliyechomelea chesisi yake usiku kwa miaka minne. Lakini nyuma ya namba ile wako watu wa Weybridge waliokosa usingizi mwaka 1907, na wengine wengi ambao hawakuwa na wakili. Mimi nawaongezea wafanyakazi wa korona, ambao hakuna aliyekuja kuwapimia kwa nusu mita wala kwa mita nane.

Kile kizibo mpwa wangu alinipa nilipokuwa nikifunga mizigo. Kiko mezani pangu Tanga, kinashikilia karatasi zisipeperushwe na upepo wa bahari. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu, waliozoea kuzikata sailensa za pikipiki zao ili wasikike kabla hawajafika, hunijia wakitaka msaada wa fundi mzee, na wakikiona huuliza ni kitu gani. Huwaambia wakae upande wangu wa kulia, nami nawasimulia.